Bingwa Aliyetoka Gerejini
Somo la redio kwa vikundi vya watu wazima. Mwenye kujua kusoma vizuri awasomee wenzake taratibu, kisha kikundi kizungumze.

 Swali la kikundi cha Igoma, Mwanza, ndilo lililozaa somo la leo.  Chukueni daftari na kalamu, tuanze.

Mzee mmoja wa Igoma ametuandikia barua. Nitaisoma sehemu yake:

"Mwalimu, nina kijana wa miaka 17. Tangu alipomaliza shule, kutwa yuko kwenye gereji ya pikipiki kando ya barabara ya Musoma. Hurudi nyumbani nguo zimejaa oili na mfukoni hana kitu. Nikimwuliza, ananiambia kwamba anataka kuwa bingwa wa mashindano, kama yule kijana wa Hispania wanayemtazama katika simu. Tena usiku vijana wenzake hushindana mbio kwa bodaboda kutoka hapa Igoma kuelekea Kisesa. Mmoja wao tumekwisha kumzika. Je, nimwondoe pale gerejini?"

Mzee wetu, pole kwa msiba wa jirani. Barua yako ni fupi, lakini ndani yake yamo maswali mawili, wala si moja. La kwanza: je, miaka ya ujana inayotumika gerejini imepotea? La pili: je, kukimbiza pikipiki barabarani usiku ndiyo njia ya kuwa bingwa? Watu wengi huyachanganya maswali haya, na kwa kuyachanganya hukosea kwa yote mawili. Leo tutayatenga. Nitawaeleza habari za mtu mmoja wa huku kwetu Afrika Mashariki, aliyezaliwa upande wa pili wa Ziwa letu, akaanza na spana mkononi, akaishia kuwa bingwa aliyejulikana duniani. Mtu huyo ni Joginder Singh.

MTOTO WA FUNDI

Joginder Singh alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 huko Kericho, katika vilima vya chai vya magharibi ya Kenya. Baba yake, Battan Singh, alikuwa mtu wa Punjab, katika nchi ya India. Familia yao ilikuwa ya dini ya Singasinga, wale ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Makalasinga. Wazee wa Mwanza, Musoma na Kisumu wanawakumbuka watu hawa kwa kazi za mikono: useremala, uhunzi, ujenzi na utengenezaji wa mashine. Battan Singh alikuwa na gereji yake Nairobi, na humo ndimo kijana wake alimojifunzia kazi.

Alianza kama kijana wa spana. Ninyi wa Igoma mnamjua kijana wa spana ni nani, lakini kwa ajili ya wale wasiomjua nitaeleza. Fundi amelala chini ya motokaa. Ananyosha mkono na kusema, "Namba kumi na tatu." Kijana wa spana humpa spana namba 13. Fundi husema, "Tochi," naye humulika. Huosha vyuma kwa petroli au mafuta ya taa. Hupanga nati na bolti katika bati ili zisipotee. Jioni hufagia. Kwa mtu anayepita njiani, kijana huyu anaonekana kama mtumishi tu asiyejua kitu.

Lakini hebu tutazame kwa makini anachokipata. Anayeosha vyuma huona kila chuma kilipochakaa. Anayepanga nati hujua kila moja imetoka wapi na itarudi wapi. Anayemulika tochi huona mkono wa fundi unafanya nini, na sikio lake husikia injini nzima inavyonguruma na injini mbovu inavyokohoa. Baada ya miaka michache, kijana huyo husimama mlangoni, motokaa ikawa bado iko mbali inakuja, naye akasema, "Ile ina vali mbovu." Elimu hii haipatikani kwa siku moja, na haionekani mfukoni mapema. Ndiyo maana, mzee wetu, ni rahisi kuidharau.

Mwaka 1958 Joginder alipata kazi nyingine ambayo nayo haikuwa ya fahari. Chama cha Kifalme cha Wenye Motokaa cha Afrika Mashariki kilimwajiri awe mtu wake wa kwanza wa doria barabarani. Kazi ya mtu wa doria ni kuwatafuta na kuwasaidia wanachama walioharibikiwa njiani. Sasa fikirini jambo hili. Katika gereji fundi ana vyombo vyake vyote, ana kivuli, ana muda. Njiani hana hivyo. Ana sanduku dogo la spana, jua ni kali, na mwenye gari amekwisha kasirika. Inambidi ajue upesi ugonjwa uko wapi, na ajue pia njia ya kuifanya motokaa ifike mjini hata kama haijapona kabisa.

Basi, kabla hajajulikana na mtu yeyote, Joginder Singh alikuwa amekwisha kusoma madarasa mawili. Gerejini alijifunza motokaa imetengenezwaje. Barabarani alijifunza motokaa huharibika wapi, lini, na kwa sababu gani. Yashikeni mambo haya mawili, tutayarudia.

MASHINDANO YA SAFARI

Sasa tueleze mashindano yenyewe. Yalianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yakaitwa Safari ya Kutawazwa. Mwaka 1960 jina likabadilishwa, yakawa Safari ya Afrika Mashariki. Motokaa zilipita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi zilikimbia wakati wa Pasaka. Ninyi mnajua Pasaka huangukia wakati gani: masika. Huku vumbi, kule mafuriko. Na udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata kama gundi mvua ikinyesha.

Watu wengi hudhani kuwa katika mashindano haya motokaa zote huondoka pamoja na ya kwanza kufika ndiyo mshindi. Sivyo. Motokaa ziliondoka moja moja, kila moja baada ya dakika chache. Njia nzima iligawanywa kwa vituo, na kila kipande cha njia kilikuwa na muda wake. Ukichelewa kufika kituoni, dakika zako za kuchelewa ziliandikwa kuwa alama za adhabu. Mwishoni, baada ya siku kadhaa na maili zaidi ya 3,000, yaani karibu kilometa 5,000, aliyekuwa na adhabu chache kuliko wenzake ndiye aliyeshinda. Kwa maneno mengine, haikuwa kazi ya kukimbia sana mahali pamoja. Ilikuwa kazi ya kutochelewa mahali pote.

Na kabla ya kushinda, sharti ufike. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, zikafika 7 tu. Mwaka 1968 ziliondoka 93, zikafika tena 7 tu. Nyingine zilizama matopeni, nyingine zilivunjika springi, nyingine rejeta zilitoboka, nyingine zilipinduka. Viwanda vikubwa vya Ulaya vilileta madereva mashuhuri, wepesi kabisa kwenye barabara za kwao. Lakini tangu mwaka 1953 hadi 1971 hakuna dereva mgeni kutoka ng'ambo aliyeshinda hata mara moja. Wa kwanza alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972. Katika miaka yote iliyotangulia, ushindi ulibaki kwa wakazi wa Afrika Mashariki. Na sisi wa Tanzania tunayo sehemu yetu: mwaka 1966 na mwaka 1967 mashindano hayo yalichukuliwa na Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Tanzania, wakiendesha Peugeot 404.

Kwa nini wenyeji waliwashinda wageni? Mgeni alijua kwenda mbio. Mwenyeji alijua wapi asiende mbio. Aliijua rangi ya maji ya mto usiovukika. Alijua kwamba tope lililokauka juu linaweza kuwa bichi chini. Alijua kuwa ng'ombe mmoja akivuka barabara, wengine watamfuata. Maarifa haya hayauzwi dukani.

MOTOKAA KUUKUU YA MWAKA 1965

Joginder aliingia mashindano ya Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Alikuwa na umri wa miaka 27. Hakushinda mwaka huo, wala uliofuata, wala uliofuata tena. Miaka sita ilipita hivyo. Mwangalie: mtu mzima, ana ujuzi, na bado jina lake halijashika nafasi ya kwanza. Ingekuwa rahisi kusema, "Huyu amepoteza wakati."

Mwaka 1965 alisajili motokaa aina ya Volvo PV544 pamoja na ndugu yake, Jaswant Singh. Motokaa hii haikuwa mpya. Umbo lake lilichorwa katika miaka ya 1940, mgongo umejikunja kama kobe. Tena hii waliyoipata wao ilikuwa imekwisha kutumika: kiwanda cha Volvo kiliileta kwa mashindano ya mwaka uliotangulia, mambo yakawaendea vibaya, ikabaki huku. Motokaa ambayo wenyewe waliishindwa na kuiacha, ndiyo ambayo ndugu hawa wawili waliichukua na kuitayarisha upya.

Hapa ndipo darasa la gerejini lilipolipa. Fundi wa motokaa kuukuu ana faida moja asiyokuwa nayo mwenye motokaa mpya. Motokaa mpya huficha udhaifu wake. Motokaa iliyokwisha kupigwa na barabara imekwisha kuonyesha palipolegea, palipopasuka, palipochakaa. Mwenye macho ya fundi husoma alama hizo kama mtu anavyosoma barua. Hukaza hapa, huongeza chuma pale, hubadilisha kile kilichochoka kabla hakijamwangusha.

Kura ilipopigwa, ndugu hawa walipata namba 1, yaani kuondoka mbele ya wote. Katika kiangazi hiyo ni bahati njema, maana wa kwanza halambi vumbi la mtu. Lakini bahati hiyo haikazi nati iliyolegea. Katika njia ile ndefu motokaa za wenzao ziliharibika moja baada ya nyingine, na ile Volvo kuukuu iliendelea. Mwishoni Joginder na Jaswant walishinda, na tofauti kati yao na waliowafuata ilikuwa zaidi ya saa moja na nusu. Joginder akawa dereva wa kwanza mwenye asili ya Asia kuyashinda mashindano ya Safari. Kenya, iliyokuwa haijatimiza miaka miwili tangu ipate uhuru, ilimpokea kwa shangwe. Wengine walimwita Singasinga Arukaye, wengine wakamwita Simba wa Kenya.

Alikuwa na miaka 33. Watu walisema, "Ameshinda kwa siku nne." Ninyi mliosikiliza vizuri mnajua hesabu hiyo si sahihi. Alishinda kwa miaka yote ya gerejini kwa baba yake, na mwaka wa doria, na miaka sita ya kujaribu, kisha siku hizo chache juu yake.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Mwaka 1974 alishinda tena, safari hii na David Doig, kwa Mitsubishi Lancer ndogo. Aliyemfuata alikuwa Björn Waldegård wa Sweden aliyeendesha Porsche, yenye injini kubwa zaidi na nguvu zaidi. Mwaka 1976 alishinda mara ya tatu, naye akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Lakini hesabu ninayotaka muiandike katika daftari ni hii nyingine: kati ya mwaka 1959 na mwaka 1980 aliingia mashindano ya Safari mara 22, akafika mwisho mara 19. Linganisheni na ile miaka ambayo motokaa 7 tu zilifika. Kushinda mara tatu kunaonyesha kwamba alikuwa hodari. Kufika mara 19 kunaonyesha kwamba alikuwa fundi. Alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81.

NA YULE KIJANA WA HISPANIA?

Najua vijana waliokaa nyuma wananong'ona: "Mwalimu anatueleza motokaa, sisi tuliuliza pikipiki." Vema. Tumtazame na huyo.

Kijana mnayemtazama katika simu ni Marc Márquez. Alizaliwa tarehe 17 Februari 1993 katika mji mdogo wa Cervera, Hispania. Mwaka 2008, akiwa na miaka 15, aliingia mashindano ya dunia. Je, alianza na pikipiki kubwa? Hapana. Alianza na pikipiki ya sentimita za ujazo 125, sawa kwa ukubwa wa injini na bodaboda nyingi zinazopaki pale Igoma, ingawa ile ya mashindano ni nyepesi na yenye kasi zaidi. Mwaka wa kwanza alimaliza wa 13. Mwaka wa pili alimaliza wa 8. Mwaka wa tatu, 2010, ndipo alipokuwa bingwa wa dunia wa ngazi hiyo, kwa kushinda mara 10. Kisha alipanda daraja, akawa bingwa wa ngazi ya kati mwaka 2012, na mwaka 2013 akawa bingwa wa ngazi ya juu kabisa akiwa na miaka 20. Hakuna aliyewahi kuupata ubingwa huo wa juu akiwa mdogo kuliko yeye.

Sasa sikilizeni kisa kimoja cha mwaka ule wa 2010, huko Estoril, nchi ya Ureno. Mashindano yalisimamishwa kwa sababu ya mvua. Walipokuwa wakienda kujipanga upya ili waanze tena, Márquez akateleza, akaanguka, pikipiki ikaharibika. Ubingwa wa mwaka mzima ulikuwa karibu kupotea. Aliirudisha kwa mafundi wake, nao wakaishika kwa dakika chache tu zilizobaki. Alilazimika kuondokea nyuma ya wenzake wote. Akashinda. Picha zinamwonyesha yeye akipokea kikombe. Lakini bila mikono ile michafu ya oili, kikombe kile kingekwenda kwa mtu mwingine.

Jambo la mwisho juu yake. Mwezi wa Julai 2020 alianguka huko Jerez, Hispania, akavunjika mkono wa kulia juu ya kiwiko. Alipasuliwa mara nne. Ilimchukua mpaka mwaka 2025 kurudia ubingwa. Na huyu alianguka katika uwanja uliojengwa kwa mbio, uliofungwa, hauna mtembea kwa miguu, hauna daladala, hauna ng'ombe. Amevaa nguo za ngozi nene na helmeti. Daktari yuko pale pale anangoja. Barabara ya Igoma kwenda Kisesa ina nini? Ina malori yaendayo Sirari, ina watoto, ina baiskeli zisizo na taa, ina mama anayerudi sokoni na ndoo kichwani.

HESABU NDOGO YA MWENDO

Hebu tufanye hesabu. Pikipiki inayokwenda kilometa 40 kwa saa hupita mita 11 kwa sekunde moja. Ikienda kilometa 80 kwa saa, hupita mita 22. Sekunde moja ni muda ambao macho huona, akili huamua, na mkono hushika breki. Kwa hiyo kabla breki haijaanza kazi, umekwisha kupita mita 22, karibu urefu wa mabasi mawili.

Kisha breki nazo zinahitaji njia. Watu hudhani mwendo ukiongezeka mara mbili, njia ya kusimama nayo huongezeka mara mbili. Sivyo. Njia ya kufunga breki huongezeka mara nne. Aliyehitaji hatua 10 kwa mwendo wa 40, atahitaji hatua 40 kwa mwendo wa 80. Na kama tairi limekuwa kipara, au barabara imelowa, ni zaidi ya hapo. Giza likiwa limeingia, taa ya pikipiki haimuliki mbali kiasi hicho. Yaani kijana anayekwenda mbio usiku anakwenda mahali ambapo macho yake hayajafika. Huo si uhodari. Joginder Singh aliendesha usiku katika barabara za hatari, lakini hesabu hii aliijua, na ndiyo maana alifika mara 19.

JIBU LETU KWA MZEE WA IGOMA

Mzee wetu, sasa tunajibu. Swali la pili kwanza: mbio za usiku mkataze, wala usione haya. Mwambie mabingwa wote wawili tuliowataja hawakuupata ubingwa kwa njia hiyo. Akitaka kuendesha, awe na leseni, avae helmeti na kuifunga kamba, asibebe watu zaidi ya anavyoruhusiwa.

Swali la kwanza: usimwondoe gerejini kwa sababu ya nguo chafu tu. Lakini usimwache pia bila kuchunguza. Ziko gereji zinazofundisha, na ziko gereji zinazomtumia kijana kama punda. Utajuaje? Jioni akirudi, mpe maji anawe, kisha muulize maswali matatu. Huna haja ya kuwa fundi ili kuyauliza.

La kwanza, muulize: plagi ikitoka nyeusi, ina maana gani? Akijibu kwamba nyeusi yenye masizi makavu ni dalili ya petroli kuzidi hewa, na kwamba huenda eya klina, yaani chujio la hewa, imeziba, basi anafundishwa. Akiongeza kwamba ikiwa imelowa oili huenda ringi za pistoni zimechakaa, mpe chai. Plagi ya injini nzima huwa na rangi ya kahawia hafifu.

La pili, muulize: oili ya injini hubadilishwa kwa nini, na wala haiongezwi tu? Jibu ni kwamba oili huchakaa kwa joto, tena huchukua uchafu na vipande vidogo vya chuma, ikawa inasaga badala ya kulainisha.

La tatu, muulize: cheni ikilegea sana, hutokea nini, na ikikazwa sana hutokea nini? Ikilegea huweza kuruka ikajifunga na kulizuia gurudumu, na mwendeshaji akaanguka. Ikikazwa sana huvuta beringi na kula meno ya sproketi.

Akiyajibu yote, kijana wako yuko shuleni, ijapokuwa shule hiyo haina kengele. Akiyashindwa baada ya miaka miwili, mtafutie fundi mwingine. Na kwa vyovyote, msaidie apate cheti. Jijini Mwanza kipo chuo cha VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, kinachofundisha ufundi. Tena VETA ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza kazini, wasiokaa darasani, na kuwapa vyeti kwa ujuzi walio nao. Mjumbe mmoja wa kikundi chenu aende akaulize masharti na ada, alete habari hapa.

Je, atakuwa bingwa wa dunia? Sitakudanganya. Mashindano ya pikipiki yanahitaji fedha nyingi, na huku kwetu viwanja vyake ni vichache. Huenda asishindane kabisa. Lakini fundi anayeijua kazi hatakosa mteja pale Igoma maadamu pikipiki zinapita. Na kila breki atakayoikaza vema, kuna abiria atakayefika kwake usiku ule asijue hata jina la aliyemwokoa.

MANENO YA KUKUMBUKA

Doria: kazi ya kuzunguka kulinda au kusaidia.
Kituo cha muda: mahali ambapo saa ya kufika huandikwa.
Alama za adhabu: hesabu ya dakika za kuchelewa.
Sentimita za ujazo: kipimo cha nafasi iliyomo ndani ya silinda za injini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Joginder Singh alijifunza nini gerejini, na nini katika kazi ya doria? Lipi lilimsaidia zaidi mwaka 1965? Toeni sababu.
2. Kwa nini kufika mwisho mara 19 kati ya 22 ni jambo kubwa?
3. Hapa petu kijana wa gereji anaheshimiwa au anadharauliwa? Nani humdharau, na kwa nini?
4. Pimeni mita 22 kwa hatua, hapo nje, mkaone. Kisha kila mmoja aseme: mtoto akitokea hapo katikati, ni nani angeweza kusimama?

Majibu yenu yaandikeni, katibu wa kikundi ayatunze. Wiki ijayo tutaanza kwa kusikia mjumbe wa Igoma alileta habari gani kutoka VETA. Mzee wetu, msalimie kijana. Kwaherini.